Akaunti yake, saini ya mtu mwingine: kisa cha mfumaji asiyeona wa Temeke

Kisa hiki nilikipokea nikiwa msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mwenyewe ameniruhusu kukisimulia, ilimradi nisitaje jina lake, la benki wala la kijana aliyehusika. Nitamwita Mama tu, kama wanavyomwita wateja wake. Nimeamua kukiandika kwa urefu kwa sababu kila ninapokieleza kwa kifupi, watu wanakimbilia kumlaani kijana na kuona mjadala umekwisha. Kijana ana makosa yake, nitayafikia. Lakini fedha za Mama zilianza kumtoka mapema zaidi, pale mezani benki, siku ambayo kila aliyekuwepo aliamini anamsaidia.

Mama ana miaka hamsini na ushee. Anaishi Temeke na anafuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono. Joto la Dar es Salaam halijazuia shule kudai sweta, kwa hiyo Desemba na Januari, wazazi wanapohangaikia sare, yeye hana muda wa kulala. Kilichochukua macho yake ni presha ya macho. Ugonjwa huo hula uoni kuanzia pembeni, taratibu, na uoni ukishapotea haurudi. Akaunti aliifungua wakati bado anaona. Aliweka saini ya mkono wake, akapewa kadi ya ATM, na kwa miaka mingi alikuwa mteja kama mteja mwingine yeyote.

Siku mambo yalipobadilika alikwenda kutoa hela ya nyuzi. Alipeleka fomu dirishani, keshia akalinganisha saini na ile iliyomo kwenye mfumo, akasema hazifanani. Akaandika tena, bado. Akaandika ya tatu, ikapanda juu ya mstari na kugusa maandishi ya fomu. Hilo si la kushangaza. Saini ya mtu aliyezoea kuona inaongozwa na jicho kuliko tunavyodhani. Jicho likiondoka, mkono unabaki na umbo la jumla lakini unapoteza ukubwa na mahali pa kuanzia. Keshia akamgeukia kijana aliyekuwa amemshika Mama mkono, akamuuliza: "Huyu mama anataka nini hasa?"

Mama akajibu mwenyewe: "Mwanangu, masikio yangu mazima. Niulize mimi."

Waliitwa ndani, wakapewa kiti, wakaongea na ofisa mwenye upole. Naamini kabisa alikuwa mpole, Mama mwenyewe anamsifu. Ofisa akampa njia mbili. Ya kwanza, aache saini na kuweka dole gumba, lakini kwa utaratibu wa tawi lile mteja wa dole gumba hapewi kadi wala huduma ya simu, na kila akija kutoa fedha lazima aje na shahidi. Ya pili, amuingize mtu wa familia anayemwamini iwe akaunti ya pamoja, yeyote kati yao aweze kutoa peke yake. Akashauriwa achukue ya pili, "kwa usalama wako, mama."

Kijana ni mtoto wa mdogo wake, amemlea tangu akiwa darasa la pili, anamwita mama mkubwa. Wakajaza fomu. Kijana akasaini, akapewa kadi. Na kwenye kisanduku cha namba ya simu ya kupokea ujumbe wa miamala, namba ya Mama ikafutwa ikawekwa ya kijana, kwa maelezo kwamba yeye ndiye anayeweza kusoma meseji.

Hicho kisanduku cha namba ya simu ndicho ninachorudi kukitazama kila ninapofungua jalada hili. Kuanzia dakika ile, mwenye fedha hakuwa tena na njia yoyote ya kujua fedha zake zinafanya nini, isipokuwa kumuuliza mtu yule yule mwenye kadi.

Tuwe waadilifu kwa benki kwanza. Benki ikilipa fedha kwa saini ya kughushi inaweza kulazimika kuzirudisha, na mfanyakazi aliyepitisha malipo anawajibishwa. Keshia aliyeona saini tatu zisizofanana alikuwa na sababu ya kuogopa. Swali ni dawa gani ilichaguliwa kwa hofu ile. Akaunti ya pamoja ambayo yeyote anaweza kutoa inailinda benki barabara, maana kila shilingi itakayotoka itakuwa imetolewa na mtu mwenye idhini. Hatari iliyokuwa ya benki ilichukuliwa ikawekwa mabegani mwa Mama, akaambiwa ni kwa usalama wake, naye akashukuru.

Je, sheria ililazimisha hivyo? Hapana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inataja anayeweza kuingia mkataba: mtu aliyefikisha umri, mwenye akili timamu, asiyezuiwa na sheria nyingine. Macho hayatajwi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 12 ya mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe mtu mwenye ulemavu anamiliki mali, anasimamia mwenyewe mambo yake ya fedha, na anapata mikopo ya benki sawa na wengine. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Hakuna popote humo panaposema asiyeona lazima awe na mtu wa kumsainia. Utaratibu wa "njoo na mtu wako" niliousikia katika kisa hiki, na katika vingine kadhaa, ni mazoea ya kaunta. Ofisa anayajifunza kwa mwenzake, anayapokea kama kanuni, na mteja hana pa kuisoma kanuni hiyo kwa sababu haipo kwenye karatasi yoyote aliyopewa.

Mbadala ulikuwepo, tena wa bei ndogo. Alama za vidole za Mama ziko NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uanze mwaka 2019 ameshaweka kidole chake kwenye kimashine cha wakala wa mtandao wa simu, laini ikasajiliwa bila shahidi. Kama kidole kinatosha kumtambulisha kwenye laini inayobeba pesa, kwa nini kwenye benki kimnyime kadi? Fomu ingeweza kusomwa kwa sauti mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Saini nayo ingeweza kuongozwa. Nilikata kipande cha boksi la viatu, nikakitoboa dirisha la upana wa vidole viwili na urefu wa kidole kimoja, nikakiweka juu ya karatasi. Mama akapapasa kingo nne za dirisha kwa kidole cha shahada cha kushoto, akaweka ncha ya kalamu kwenye kona ya chini, akasaini ndani. Saini kumi zikakaa kwenye mstari mmoja, ukubwa mmoja. Hazikufanana na ile ya zamani, lakini zilifanana zenyewe kwa zenyewe, na benki inachohitaji ni hicho: kielelezo kipya kinachojirudia.

Suala la kadi lina hoja yake. Tulielezwa kwamba asiyeona hapewi kadi kwa sababu hawezi kutumia ATM bila kumtajia mtu namba ya siri. Papasa kitufe cha 5 kwenye karibu ATM yoyote yenye vitufe: kuna kinundu. Ni kile kile kilichopo kwenye 5 ya kitochi chake, ambacho amekuwa akipigia simu kwa miaka bila kukosea. Namba ya siri anaweza kuibonyeza gizani vizuri kuliko mimi mchana. Tatizo ni kioo, maana hajui mashine inauliza nini. Na hilo lina jibu linalojulikana: ATM nyingi zinatengenezwa zikiwa na tundu la hedfoni na uwezo wa kusoma maelezo kwa sauti, ila mwenye mashine ndiye anayeamua kuiwasha sauti hiyo na kuiwekea Kiswahili. Mtu anapolazimika kumtajia mwingine namba yake ya siri kwa sababu mashine haiongei, kisha fedha zikapotea akaambiwa ni uzembe wake kutoa namba ya siri, lawama imeangukia pasipostahili.

Sasa kilichotokea. Mama alikuwa anakusanya fedha anunue mashine ya pili ya kufuma, ya mkononi, aajiri binti mmoja. Kwa hesabu ya kichwani, na kichwa chake kwa hesabu si cha kuchezea, alitakiwa awe na 2,300,000. Alipokwenda kuzitoa akaambiwa salio ni 870,000. Alidhani keshia amekosea. Akaomba aambiwe tena.

Tuliomba taarifa ya akaunti, nikamsomea mstari kwa mstari barazani kwake. Hela ilitoka kwa ATM, elfu hamsini, elfu themanini, laki, mara nyingine siku mbili mfululizo. Hakuna muamala hata mmoja mkubwa. Kijana hakukana. Alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu kwa mmoja wa wale wakopeshaji wa mtaani wanaotoa hela chapchapu na kutaka marejesho kila siku, biashara yake ya kuuza mitumba ikayumba, akaanza kulipa kwa kadi ya mama mkubwa akitumaini kurudisha kabla hajajua. Kila muamala ulipofanyika, meseji ya benki iliingia kwenye simu ya mtu anayetoa hela.

Nimekutana na wizi wa makusudi katika kazi hii, na huu haukuwa wa aina hiyo. Ni kijana mwenye deni aliyepewa ufunguo wa fedha za mtu asiyeweza kuhesabu kilichobaki. Wangapi kati yetu tungesimama imara miezi yote ile? Nasema hivi si kumtetea. Alichokitoa lazima akirudishe, na anakirudisha. Nasema kwa sababu utaratibu unaotegemea kila ndugu awe malaika ni utaratibu mbovu, na uliwekwa na taasisi ambayo kwa wateja wake wengine haimwamini mtu yeyote bila namba ya siri, kitambulisho na kamera.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuhamishia akiba yote kwenye kikoba chake, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ambako yumo tangu kabla hajapoteza uoni. Majibu yake yalinifundisha zaidi ya semina nyingi nilizohudhuria. Kikoba chao hukutana Jumamosi jioni. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti. Mhesabuji akipokea hisa anatamka kwa sauti: fulani, hisa tatu. Mhuri unagongwa kwenye kitabu, na mwishoni salio la sanduku linatangazwa, wanachama wanaambiwa walikariri, na Jumamosi inayofuata linaulizwa kabla sanduku halijafunguliwa. Pale Mama haombi msaada wa mtu. Kila tarakimu inayomhusu inapita masikioni mwake, mbele ya watu thelathini. Noti anazitambua kwa urefu na kwa kuzipapasa, na akiwa na shaka anauliza na wote wanasikia jibu.

Ndiyo maana nakataa maelezo mepesi kwamba watu wenye ulemavu hawapendi benki kwa kukosa elimu ya fedha. Mama ana elimu ya fedha. Alichogundua ni kwamba sanduku la mabati linamfikia na benki yenye viyoyozi haimfikii.

Lakini kikoba kina kasoro zake, na yeye ndiye aliyezitaja. Kila mtu mtaani anajua ana kiasi gani. Mwisho wa mzunguko sanduku linavunjwa, fedha zinagawanywa, na mwezi ule ndugu wenye shida wanaongezeka ghafla. Fedha za mashine ya milioni mbili hazifai kulala chini ya kitanda cha mweka sanduku. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi hivi na kuviweka daraja la nne, ila amana za humo hazina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kwa mteja wa benki iliyofilisika hulipa hadi Sh 7,500,000. Mama alitaka benki kwa sababu zile zile anazoitakia mtu yeyote: faragha, usalama, na kumbukumbu ya maandishi atakayoionyesha akiomba mkopo.

Mkopo nao ulikwama pale pale. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 na ukarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Mama na wenzake walikuwa wameunda kikundi, wawili wasioona, mmoja kiziwi, waliobaki na ulemavu wa viungo, na kikundi kinahitaji akaunti yenye watia saini. Walimchagua Mama mweka hazina kwa sababu ya ile hesabu yake. Kwenye tawi wakaambiwa watia saini wawe wanaoona. Mweka hazina akabaki na cheo, saini ikaenda kwa wengine. Na yule mwenzao kiziwi alipigiwa simu na benki kuthibitisha taarifa zake. Kiziwi, kwa simu ya sauti! Alipokea jirani yake, akamjibia maswali yote, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama mzazi.

Watu huniambia simu imemaliza haya yote. Imesaidia sana, siwezi kubeza. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 wengi wa wasioona ninaowafahamu walipata kwa mara ya kwanza mahali pa kuweka hela pasipo na kaunta. Mama anapiga *150*00# na kufuata menyu kwa kichwa, akijua kila tarakimu ya kubonyeza. Kampuni ikibadili mpangilio wa menyu, kichwa kinakuwa kinapeleka fedha kusikojulikana. Kitochi hakisomi jina la anayetumiwa kabla ya kuthibitisha, na meseji ya salio inasomwa na mtoto wa jirani. Simu janja yenye kisomaji cha skrini, programu inayotamka yaliyo kwenye kioo, inasoma, na sauti ya Kiswahili ipo, lakini programu ya benki ikiwa na vitufe visivyoandikwa majina, kisomaji kinatamka "kitufe, kitufe, kitufe" na mtumiaji anabaki pale pale. Kuvipa vitufe majina ni kazi ndogo kwa mtengenezaji wa programu. Haifanywi kwa sababu asiyeona hakualikwa kuijaribu kabla haijatolewa.

Tulichofanya ni haya. Kwanza, Mama mwenyewe alisaini, ndani ya dirisha la boksi, barua ya kufunga akaunti ya pamoja. Benki ilitaka kijana naye asaini, akaja akasaini. Pili, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe, kijana aliandika kukiri deni la 1,430,000 na kulipa 50,000 kila mwezi kwenye sanduku la kikoba, ambako malipo yake yanatangazwa kwa sauti. Sharti hilo la sanduku lilitoka kwa Mama. Hakutaka polisi, na nilimweleza haki yake ya kwenda. Alisema: "Nikimfunga huyu, nani atanipeleka Kariakoo kununua nyuzi? Lakini alipe, na walio kwenye kikoba wajue analipa."

Tatu, akaunti mpya, jina lake peke yake. Hapa meneja wa tawi alisikiliza, na anastahili kutajwa kwa hilo. Fomu nzima ilisomwa kwa sauti kwenye chumba, akiwepo katibu wa kikoba kama shahidi aliyechaguliwa na Mama. Alipofika kwenye makato ya mwezi, Mama akamsimamisha ofisa na kuuliza kiasi, akaambiwa. Saini mpya ilichukuliwa kwa kadi ngumu ya plastiki yenye dirisha ambayo benki ilikata yenyewe, na alama ya kidole ikawekwa pamoja nayo. Namba ya simu ni yake. Binti anayemsaidia kufuma ana simu janja, na meseji za benki sasa zinaingia kwenye laini ya Mama iliyomo humo, kisomaji kinazisoma kwa hedfoni sikioni mwake. Si kamili, kwa sababu simu si yake. Ananunua ya kwake mashine ikishalipiwa.

Kadi wamekataa. Hawakuandika kukataa, walisema tu, na hapo ndipo tulipo. Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za 2019 zinaweka njia: malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, na mteja asiporidhika huyapeleka Benki Kuu, ambako kuna dawati la kuyapokea. Kwa hiyo kwa yeyote anayemsaidia ndugu au jirani katika hali kama hii, tafadhali msiridhike na majibu ya mdomo. Ombeni karatasi. Kukataliwa kwa mdomo hakuna unachoweza kukiambatisha.

Barua ya Mama imegongwa mhuri wa kupokelewa na nakala ninayo. Inadai vitu viwili: kadi ya ATM kwa masharti yale yale aliyopewa siku ya kwanza alipofungua akaunti akiwa anaona, na nakala ya utaratibu ulioandikwa unaomzuia asiipate, kama upo. Tulikubaliana pia kuongeza ombi la kikundi chao, kwamba mweka hazina wao awe mtia saini. Jibu likija la kukataa, tutalibeba lilivyo hadi Benki Kuu, pamoja na ile fomu yenye kisanduku cha namba ya simu.